Taka Zilale

Baba yangu hawezi kupita penye vumbi akapaacha. Alikuwa msimamizi wa usafi hospitalini kwa miaka thelathini, na siku aliyostaafu wenzake walimzawadia ufagio mpya wa mpini mrefu, umefungwa utepe mwekundu. Ulikuwa utani. Ukumbi mzima ulicheka isipokuwa yeye, aliyeukagua ufagio, akaujaribu sakafuni mbele ya mganga mkuu, kisha akashukuru kwa moyo wote. Kesho yake asubuhi alitoa utepe, akaukunja vizuri, akaanza kufagia ua wetu. Hajaacha mpaka leo. Mtaani wanamwita Mzee Safi, naye huitika.

Nasema haya mapema ili mtu asidhani nataka kumsema vibaya. Nampenda baba yangu kuliko ninavyoweza kumwambia usoni. Lakini nina hasira za karibu, nimezirithi kwa shangazi yangu, dada yake huyohuyo Baba, na Jumamosi ninayotaka kuisimulia nilimkaripia mtu mzima yule kama mtoto aliyemwaga maziwa. Bora niiseme yote ikaisha.

Mama yangu ni mfumaji wa masweta ya shule. Mashine yake ya kufumia imekaa sebuleni, ndefu kama kitanda, ndiyo maana nyumbani kwetu wageni hukaa kwa kubanana upande mmoja. Mashine hiyo haifumi kwa akili zake, inaambiwa na kompyuta. Mama huchora nembo ya shule kwenye kompyuta kijumba kwa kijumba, kila kijumba ni mshono mmoja, halafu waya unapeleka habari kwenye mashine na sindano zinaanza kwenda. Programu ya kuchorea aliinunua miaka kumi na mmoja iliyopita, na kampuni iliyoitengeneza ilishafunga milango. Michoro yake mia mbili na kitu imo humo, na haifunguki kwa programu nyingine yoyote. Ametengeneza nembo moja kwa wiki tatu kwa sababu jicho la ndege halikumpendeza.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Nina duka dogo lililobanwa kati ya duka la miwani na saluni ya kinyozi, na huyo kinyozi jirani yangu hunyolewa na mwenzake wa mtaa wa pili. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Kinyozi hajinyoi, na kati ya kompyuta zote zilizokuwa mikononi mwangu, iliyokongoroka kuliko zote ilikuwa ya mama yangu mzazi. Ukiiwasha, uliweza kuosha vyombo vyote vya asubuhi ukarudi ukaikuta bado inajiandaa. Ugonjwa wake nilikuwa naujua: diski imechoka. Diski mpya ilikuwa kwenye droo ya duka kwa miezi minne, na kila wiki nilikuwa nasema nitakuja Jumapili.

Mama si mlalamishi. Anachofanya ni kushusha pumzi. Anakaa mbele ya kile kioo cha kompyuta, mikono mapajani, anashusha pumzi moja ndefu, basi. Baba alikuwa akiisikia pumzi ile kutoka jikoni, uani, hata bafuni, na nadhani ilimchoma kuliko angepigiwa kelele.

Kuna jambo lingine inabidi nilieleze kabla sijafika Jumamosi. Nyumbani kwetu pipa la taka la jikoni halimwagwi siku ileile. Linajaa, linafunikwa, linamwagwa kesho yake. Ukitaka kulitoa jioni, Baba anakwambia, "Taka zilale." Tulikua na sheria hiyo kama tulivyokua na sheria ya kuvua viatu mlangoni, na sikuwahi kuuliza sababu. Na kwa kuwa Baba hutupa kila kitu kisichoinuka kumkimbia, Mama alikuwa na kazi yake ya siri. Kila jioni, Baba akiingia kuoga, Mama alifunua pipa na kuokoa alivyohitaji: kitufe cha koti, kipande cha uzi, risiti, siku moja mchoro wangu wa shule wa nyumba yenye milango sita. Nilikuwa na miaka saba nilipomfuma. Aliweka kidole mdomoni, na tangu siku hiyo tukawa wawili wenye siri. Niliitunza mpaka nimekuwa mtu mzima. Hata nikigombana na Mama sikuwahi kuitumia.

Sasa, wiki hiyo tangazo lilijitokeza kwenye kioo cha kompyuta, jekundu, na kengele inapiga. Lilisema kompyuta ina makosa elfu moja mia tatu na nne kwenye rejista, na chini yake kulikuwa na kitufe kilichoandikwa "Safisha sasa." Kwa mtu mwingine hilo ni tangazo tu. Kwa baba yangu ilikuwa mara ya kwanza kompyuta kuzungumza lugha anayoijua.

Alinipigia simu Jumatano. Nilikuwa na mteja ambaye kibodi yake imemwagikiwa juisi na alikuwa akiapa kwamba ni mvua. Baba aliongea taratibu, kwa adabu, kama mtu aliyefika kaunta ya ofisi ya serikali.

"Mwanangu, kuuliza si ujinga," alisema. "Hii rejista ya kompyuta ni kitu gani, na kama ni chafu, inasafishwaje?"

Nikamwambia asiguse. Akaniuliza kwa nini isiguswe. Nikamwambia programu hizo ni usanii mtupu, asiguse, nina mteja. Akasema sawa, kazi njema, nikakata simu kabla hajamaliza kunitakia.

Ningemwambia nini kama ningekuwa na dakika mbili? Ningemwambia rejista ni daftari. Kompyuta huandika humo kila programu imekaa wapi, ipi imelipiwa, mashine gani imechomekwa kwenye tundu gani. Ni kweli daftari hilo hukusanya mistari ya zamani isiyosomwa na yeyote. Lakini mstari usiosomwa haumpunguzii mtu mwendo. Futa elfu moja, na nafasi utakayopata haitoshi kuweka picha ya pasipoti. Futa mmoja uliokuwa na kazi, na programu itaamka haijijui ni ya nani. Ndiyo maana mimi siitumii programu ya kusafisha rejista kwenye mashine yoyote, wala simshauri mteja aitumie, hata iwe ya bure, hata iwe na nyota tano. Kompyuta ya Mama haikuwa na uchafu. Ilikuwa na uzee. Maneno hayo hayana ugumu wowote, na Baba angeyaelewa yote.

Sikuyasema. Niliamrisha, na mtu aliyeamrishwa bila sababu anabaki na swali lake mkononi.

Jumamosi Mama aliondoka asubuhi kwenda shuleni kupima watoto wa darasa la kwanza. Shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya siku tisa. Mwalimu mkuu alikuwa amemwambia waziwazi kwamba kuna kiwanda kimeshapita na masweta ya mfano mara mbili, na kwamba yeye mwenyewe anayapenda ya Mama, ila kamati haipendi kusubiri. Mama alijibu kwamba mzigo wa kwanza utakuwa tayari. Kabla hajatoka alikaa mbele ya kompyuta kuhakikisha nembo, akasubiri, akashusha pumzi, akachukua futi yake na kuondoka.

Baba alibaki na ile pumzi ndani ya nyumba.

Simu yake iliingia saa nne na robo. Alisema, "Njoo nyumbani. Usimpigie mama yako." Kisha akakata. Nilifunga duka, nikamwomba kinyozi amwambie atakayefika kwamba nimepata dharura, na njiani nikafikiria presha, nikafikiria kuanguka bafuni, nikafikiria mambo mengi ambayo mtoto wa wazee hufikiria akiambiwa njoo.

Nilimkuta amekaa kwenye ukingo wa kiti, shati limepigwa pasi, mikono magotini. Alikuwa mzima. Nilipomwona mzima, hofu yote iligeuka hasira pale pale, kwa kuwa haikuwa na pa kwenda. Kwenye kioo programu ya Mama ilikuwa imetoa kijisanduku cha kijivu: programu hii haijasajiliwa, ingiza namba. Kwenye kona, programu nyingine, yenye picha ya ufagio, ilikuwa ikimpongeza kwa herufi za kijani. Makosa elfu moja mia tatu na nne yameondolewa.

"Nilikwambia usiguse," nilisema. "Nilikwambia Jumatano, Baba. Wewe kitu usichokijua kwako ni takataka."

Alinitazama kidogo. "Ni kweli," alisema, kisha akainuka, akatoka uani, akasimama karibu na ufagio wake bila kuushika.

Dukani kwangu nina utaratibu ambao sijawahi kuuvunja kwa mteja. Kabla sijagusa mashine yoyote, namuuliza mwenyewe maswali mawili: ilikuuliza nini, na wewe ulijibu nini? Watu husema hawakubonyeza kitu. Nawasubiri. Nawapa kiti, nawapa maji, mpaka wakumbuke, kwa sababu nusu ya tiba iko kwenye majibu hayo. Mvulana wa juisi nilimpa dakika kumi na tano. Baba yangu sikumpa hata moja. Nilivuta kiti, nikampa mgongo, nikaanza kazi.

Kwanza nilitafuta zile kumbukumbu ambazo kompyuta hujiwekea ili iweze kurudi ilivyokuwa jana. Hazikuwepo. Niliizima huduma hiyo mwenyewe mwaka uliopita nilipokuwa natafuta nafasi kwenye diski, na nikajipongeza. Halafu namba ya programu. Namba ilikuwepo, Mama alikuwa ameiandika nyuma ya kalenda kwa kalamu ya wino wa kijani, lakini nikiiingiza programu inataka kwanza ithibitishwe na kampuni, na kampuni haipo. Nilipiga namba yao ya simu, ikajibu sauti ya namba isiyotumika. Niliandika barua pepe, ikarudi ndani ya nusu dakika. Niliwapigia mafundi wenzangu wawili. Mmoja alicheka, mwingine alinipa pole, na sijui ni yupi alinikera zaidi.

Nikafungua mafaili. Michoro ya Mama ilikuwa yote mahali pake, mia mbili na kumi na nne, kila mmoja na jina la shule yake, na hakuna hata mmoja uliokubali kufunguka. Pembeni yake kulikuwa na folda ya Baba, ambaye huandika kwa kidole kimoja: muhtasari wa kikao cha mtaa, orodha ya dawa za presha, barua ya kuomba taa ya barabarani, na faili moja lililoitwa "taka zilale". Nilidhani ni tangazo lake jingine la usafi la kubandika mtaani. Nilipita.

Saa zilikwenda. Baba alikuja mara moja, akaweka glasi ya maji pembeni yangu, juu ya kitambaa ili isiache alama, akaondoka kwa ncha za miguu. Sikusema ahsante. Nilianza kuhesabu kichwani: kuchora nembo hiyo upya kwenye programu nyingine, kama ningepata inayoelewana na mashine ile ya zamani, ni wiki tatu kwa mkono wa Mama. Tulikuwa na siku tisa. Na hiyo ni nembo moja. Zile mia mbili na kumi na tatu zilizobaki ni miaka ya macho yake, na macho yake sasa yanahitaji miwani miwili.

Mama alirudi saa tisa alasiri, futi shingoni, daftari la vipimo kwapani, na furaha ya mtu aliyeshinda na watoto wadogo. Alikuwa ameanza kusimulia kuhusu mtoto mmoja aliyekataa kupimwa mpaka apimwe pamoja na mdoli wake. Baba alimkuta mlangoni. Hakumsubiri hata avue viatu.

"Mama watoto," alisema, "nimekuharibia kazi. Nilitaka iwe nyepesi kwako. Nimeisafisha, na sasa haifunguki. Mtoto amehangaika tangu asubuhi, imeshindikana."

Mama alivua viatu, kimoja, kingine, akaviweka sawa. Alikwenda kukaa kwenye kibao chake mbele ya mashine, si mbele ya kompyuta, akapitisha kiganja juu ya sindano zote kutoka upande mmoja hadi mwingine, taratibu, zikalia kidogo chini ya mkono wake. Nimemuona mama yangu akizika wazazi wake wote wawili, na nilimwona akifanya vile vile kwa mkono, juu ya sanduku. Nilitaka kulia na nilitaka kupiga kitu.

Kisha akageuza kichwa na kumtazama Baba.

"Umevitupa wapi?" aliuliza.

Mimi ndiye niliyedakia. Nilimwambia kompyuta si jikoni, Mama, hapa hakuna pipa, kilichofutwa kimefutwa, maji yakimwagika hayazoleki. Nilisema kwa sauti ya kitaalamu kabisa, ile ninayoitumia kwa wateja wanaotaka kurudishiwa pesa.

Mama aliinua mkono. "Sikukuuliza wewe. Namuuliza aliyetupa."

Baba alijifuta viganja kwenye suruali.

"Sijavitupa," alisema. "Vimelala. Iliniuliza kama nataka kuviweka kwanza kabla ya kuvitoa, nikasema ndiyo. Ikataka jina, nikaviandikia jina. Lakini fundi alivyosema vimekwisha, nikajua basi, hivyo nilivyoweka si kitu."

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na hapo nilikuwa nimekaa kwa zaidi ya saa nne mbele ya jibu, limeandikwa kwa kidole kimoja, na nikalipita kwa dharau.

Niliifungua ile folda ya Baba. Nikabonyeza "taka zilale" mara mbili. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika nataka kurudisha vilivyomo kwenye rejista. Nikasema ndiyo. Nikaizima, nikaiwasha, na tukakaa watatu kuisubiri iamke, na wallahi haijawahi kuchelewa kama siku ile. Hakuna aliyekwenda kuosha vyombo. Baba alisimama nyuma ya kiti cha Mama akishika egemeo kwa mikono miwili. Hatimaye nikabonyeza programu, kile kijisanduku cha kijivu hakikutokea, na nembo ya shule ikajichora kwenye kioo mstari kwa mstari: kitabu, tawi, na ndege mwenye jicho la wiki tatu.

Mama alishusha pumzi. Haikuwa ile ya siku zote.

Nilimuuliza Baba, sasa, baada ya yote, alijuaje kusema ndiyo. Watu wengi hubonyeza hapana ili iishe haraka. Yeye alishangazwa na swali langu. Alieleza kwamba wodini taka hazichomwi siku zilipofagiliwa, hata ziwe kidogo namna gani. Mgonjwa huacha meno yake ya bandia kwenye shuka, mwingine pete inamtoka kidole kikikonda, mama mmoja alifungia kwenye pamba kitovu cha mtoto wake kilichodondoka na pamba ikazolewa. Hawagundui siku hiyo. Wanagundua kesho, na huja kwake wakilia. "Ukiwa umeshachoma, utamwambia nini?" alisema. Ndiyo maana kwake taka hulala kwanza, za hospitali, za nyumbani, na za kompyuta vilevile.

"Na ndiyo maana zinalala," nilisema, kama mtu aliyeelezwa leo kwa nini jua huwaka.

Mama alianza kucheka. Ana kicheko kidogo cha puani ambacho huanza mabegani.

"Na wewe siku zote ulidhani vile vifurushi vya kwenye pipa vilijifunga vyenyewe?" aliniuliza.

Nilimtazama Baba haraka, maana siri ile ilikuwa yetu, mimi na Mama, na sasa alikuwa anaitoa mbele ya mwenye pipa. Halafu nikaanza kukumbuka. Kitufe cha koti, kwenye kipande cha gazeti. Uzi, kwenye gazeti. Mchoro wangu wa milango sita, umeviringishwa ndani ya gazeti, hauna hata doa la majani ya chai. Na siku zote vilikuwa juu, kabisa juu, Mama hakuwahi kuzamisha mkono. Nilikuwa mtoto, nilidhani ndivyo mapipa yalivyo.

"Kwa hiyo ulijua," nilimwambia Baba. "Ulijua anapekua."

Baba aliangalia vidole vyake vya miguu. Mzee wa watu, aliona haya.

"Nikiona kitu sina hakika nacho, nakifunga," alisema. "Asichafue mikono. Anashika uzi mweupe."

Mama alikuwa ameshageukia mashine yake na anatafuta kitu ambacho hakikupotea, kwenye kopo la sindano, na alikitafuta kwa muda. Kumbe wao wawili walikuwa wanajuana tangu zamani hizo, mmoja anafunga, mwingine anafungua, bila hata siku moja kulizungumza. Mwenye siri nilikuwa peke yangu.

Nilimwomba radhi baba yangu. Sikuzunguka. Nilisema nilimkosea Jumatano nilipomkatia simu, na nilimkosea zaidi leo kwa lile neno la takataka, na kwamba mteja wangu yeyote namuuliza ila yeye sikumuuliza. Aliniacha nimalize. Akasema shangazi yangu naye ni hivyo hivyo, hasira zake huchemka upesi na kupoa upesi, hana kinyongo naye wala nami. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nilikwenda dukani nikarudi na ile diski. Jua lilikuwa bado lipo. Kwanza nilinakili michoro yote mahali pawili, na faili la Baba pamoja nayo, kisha nikafungua kompyuta katikati ya sebule na Baba akashika tochi. Wakati nafungua skrubu nilimweleza lile daftari, mistari ya zamani, kwa nini haipunguzi mwendo, na kwa nini kuisafisha ni hatari bila faida. Alisikiliza, akauliza maswali matatu mazuri, akaelewa yote kwa muda mfupi kuliko nilivyokadiria. Humo ndani mlikuwa na vumbi kweli, limeganda kwenye feni kama sufi, na alipoliona alinitazama kwa matumaini makubwa hivi kwamba nilimpa brashi. Alilitoa lote, akalikusanya kwenye kipande cha gazeti. Nadhani hiyo ilikuwa saa yake bora ya wiki.

Ilipomaliza kuhamia diski mpya niliiwasha. Baba alikuwa ameshaelekea jikoni, akijua kuna muda. Alipofika mlangoni ikawa imeshawaka, na Mama ameshafungua nembo, na sindano zimeanza kwenda, kushoto kulia, sauti ambayo nimelelewa nayo. Alirudi akasimama kuangalia sweta la kwanza linavyoshuka, rangi ya bluu, sentimita kwa sentimita. Mama hakushusha pumzi yoyote. Baba alikuwa akisikiliza, nilimwona.

Kwenye kona ya kioo, ile programu ya usafi ikajitokeza tena na kengele yake. Ilisema imeona makosa mapya, elfu moja mia tatu na nne.

"Na hii je?" Baba aliuliza, kwa heshima zote, akimtazama mkewe na si mimi. "Niitupe?"

Mama hakuinua macho kutoka kwenye uzi.

"Itupe," alisema. "Na hiyo usiifunge gazeti."